Mfupa Ukishaunga

Mwaka 1874 maiti ya mmisionari na msafiri David Livingstone ilipofikishwa London, ilitambuliwa kwa mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Simba alikuwa ameuvunja mwaka 1844 huko Afrika Kusini, na haukuunga sawasawa hadi alipokufa. Ndio mkono aliokuwa nao alipokutana na mwandishi wa habari Stanley hapa Ujiji mwaka 1871. Livingstone aliweza kuvuka bara na kasoro hiyo kwa sababu mizigo ilibebwa na wapagazi. Lakini mvuvi wa Katonga, papa hapa Kigoma, hana mpagazi. Mkono wake ndio unaovuta nyavu za dagaa usiku kucha. Kwake, mfupa kuunga ni nusu tu ya tiba. Nusu iliyobaki ni kiungo kurudi kazini.

Ndiyo maana nafurahi kijana aliyesomea fiziotherapia, tuseme pale KCMC Moshi, anapoamua kurudi darasani awe daktari bingwa wa mifupa. Wengi humpongeza kwamba "amepanda". Mimi naona thamani yake iko kwingine: anajua yanayotokea baada ya mshono kukauka. Goti likikaa wiki nyingi bila kukunjwa hukakamaa, paja hukonda, na aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi huogopa kukanyaga hata kama picha ya eksirei inaonyesha mfupa uko imara. Aliyewahi kulikunja goti kama hilo kwa mikono yake atachagua chuma, na namna ya kukiweka, huku akiiwaza siku ya mazoezi. Tena atatambua mapema pale kisu kisipohitajika. Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, alikuwa daktari wa upasuaji, lakini anakumbukwa kwa kuwanyoosha watoto wenye mguu kifundo taratibu kwa mikono: plasta ngumu (P.O.P.) hubadilishwa kila wiki, wengi hukatwa kidogo kwenye kano ya kisigino, kisha huvaa viatu maalumu usiku kwa miaka kadhaa. Upasuaji mkubwa uliotumika kabla njia yake haijaenea uliwaachia wengi nyayo ngumu zenye maumivu ukubwani.

Wapo wanaosema hapo tunahamisha pengo tu. Hoja hiyo ni nzito. Hospitali ya mkoa kama yetu ya Maweni ikimpoteza mtu wa mazoezi tiba, wanaoumia kwanza ni waliokwisha kupasuliwa, na anayeondoka kwa ajili ya heshima na mshahara peke yake afadhali abaki. Lakini kumfungia mlango si dawa. Wafundishwe wengi zaidi, na wapande vyeo ndani ya fani yao, ili anayehama awe amevutwa na kazi yenyewe. Wengine huhesabu miaka: mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kazini, kisha ya ubingwa, iwe Muhimbili au kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda wetu kilichoanzishwa mwaka 1999. Wanataka apunguziwe. Hapo sikubali, kwa sababu mgonjwa wa mguu anaweza kufia mezani kwa moyo, kwa damu au kwa dawa ya usingizi. Ninachoomba ni kwamba anapotafuta nafasi ya ubingwa, miaka yake ya fiziotherapia ihesabiwe kuwa uzoefu.

Limebaki lile la kila mtu na kazi yake: daktari apasue, mazoezi awaachie wenyewe. Penye taasisi kubwa ya mifupa kama MOI ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, mgawanyo huo unawezekana, maana wote wako karibu. Lakini mgonjwa wa kijiji cha Kagunga hufika Kigoma mjini kwa boti, na nauli ya kurudi kliniki kila wiki humshinda. Atafanya yale tu aliyofundishwa kabla ya kutoka wodini. Daktari aliyepitia fiziotherapia atamuuliza mapema, hata kabla ya kumpasua, anakaa sehemu gani ya mtumbwi na anavuta kwa mkono upi, na jibu lake litabadili kitakachofanyika mezani.