Nani Aachie Kwanza?



Sifa zote njema ni za Allah. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, reli inayoteremka kutoka Kampala hadi bandari ya Port Bell hapa Luzira ni ya njia moja. Tuseme treni moja imeshika kipande cha juu, inangoja cha chini kiwe wazi. Nyingine imetoka bandarini, imeshika kipande cha chini, inangoja cha juu. Hakuna iliyoharibika. Injini zinanguruma na madereva wako macho, lakini zitabaki hapo mpaka mmoja arudi nyuma.

Wenzetu wanaosoma kompyuta wanaujua mkwamo huu. Ndani ya mfumo endeshi kuna kiini kiitwacho kerneli. Simu za Android tulizo nazo mifukoni hutumia kerneli ya Linux. Humo kazi nyingi huenda kwa wakati mmoja, na ili mbili zisiharibu data moja, kila kazi hushika kufuli kabla ya kuigusa, kisha huliachia. Balaa huja pale kazi moja inaposhika kufuli la kwanza ikingoja la pili, na nyingine imeshika la pili ikingoja la kwanza. Mashine hailii wala haitoi moshi. Inaganda tu.

Kuisaka hitilafu hii ni taabu, maana inaweza kujificha muda mrefu, na ukiitafuta haitokei. Ndiyo sababu mwaka 2006 Linux iliongezewa chombo kiitwacho lockdep, kilichotungwa na Ingo Molnár. Hakingoji mashine igande. Huandika kufuli lipi lilishikwa kabla ya lipi, na kikikuta sehemu mbili zimepishana mpangilio, hutoa onyo hata kama mkwamo haujawahi kutokea. Dawa yake ni kazi zote kufuata mpangilio mmoja.

Hiyo kwetu inaitwa muhasaba. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliusia watu wajihesabu kabla ya kuhesabiwa, na Suratul Hashr aya ya 18 inaamrisha kila nafsi itazame ilichotanguliza kwa ajili ya kesho.

Basi tutazame. Wanafunzi wawili wa hosteli moja wamekosana, kwa deni au kwa cheo katika jumuiya. Mmoja anasema, nitamsalimia akiniomba radhi. Mwingine anasema, nitamwomba radhi akinisalimia. Ukimsikiliza kila mmoja peke yake, ana hoja. Siku ya Ijumaa wako safu moja, bega kwa bega, na wamekwama.

Katika hadithi ya Abu Ayyub (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Hakuuliza nani mwenye haki. Ameweka muda, na ameweka njia ya kutokea. Tena katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) kwa Muslim, kila Jumatatu na Alhamisi husamehewa kila asiyemshirikisha Allah, ila waliohasimiana, hao hungojewa mpaka wapatane. Ndugu yangu, unamzuilia mwenzako salamu, nawe unazuiliwa msamaha!

Sisi Waislamu wa Uganda hatuna haja ya mfano wa mbali. Baraza Kuu liliundwa mwaka 1972 ili tuwe kitu kimoja. Mwaka 2009 Kibuli ikamtawaza Mufti wake mbali na yule wa Old Kampala. Siandiki ili kuhukumu, na hoja za pande zote mmezisikia. Ninaloliogopa ni letu: kesho tutapewa misikiti, shule na mabaraza. Tusipojua kuachia tukiwa chuoni, tutajifunzia wapi?

Atasema mtu: nikianza salamu, haki yangu imepotea. La. Kazi inayoachia kufuli huweza kulichukua tena kwa utaratibu ulio sawa. Deni linabaki deni. Anza kwa salamu, kisha dai haki yako mbele ya msuluhishi, kama Suratul Hujurat aya ya 10 inavyotutaka tupatanishe baina ya ndugu.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, jiulize: ni nani unayemngoja aanze? Mtafute kabla ya Alhamisi.

Ewe Mola wetu, zilainishe nyoyo zetu, utuondolee kinyongo, na utujaalie tuwe wepesi wa kuanza salamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.