Akili Nyingi na Neno la Kweli

Waswahili wamesema: akili nyingi huondoa maarifa. Vijana huishangaa methali hii, kwani kwao akili na maarifa ni kitu kimoja. Wahenga waliyatenga. Akili ni kipawa, mtu huzaliwa nacho. Maarifa ni kujua pa kukitumia na pa kukizuia.

Mfano wake haukosekani hata katika hadithi za mbali. Katika tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, Star Trek: The Next Generation, iliyoonyeshwa kuanzia 1987 hadi 1994, yumo kijana aitwaye Wesley Crusher. Mtunzi wa tamthilia hiyo, Gene Roddenberry, alimpa jina lake mwenyewe la kati. Mama yake ni daktari katika chombo cha anga, Enterprise. Baba yake alifia kazini chini ya amri ya nahodha Picard. Kijana huyu anaifahamu mitambo kuliko watu wazima. Mgeni mmoja mwenye uwezo wa ajabu anamfananisha na Mozart, na mara kadhaa ni yeye anayewaokoa wakubwa walioshindwa. Hata hivyo, watazamaji wengi hawakumpenda. Si ajabu: nani apendaye shairi ambalo kila ubeti wake unamsifu aliyelitunga?

Alikuja kuwa mtu kamili siku alipokosea. Katika sehemu iliyoonyeshwa mwaka 1992, Wesley ni mwanafunzi katika chuo cha maafisa, mmoja wa marubani watano wa kikosi chenye sifa kubwa. Kiongozi wao, Locarno, anawashawishi wajaribu mchezo wa kuruka uliopigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 100, kwa kuwa ulikwisha kuua. Vyombo vyao vinagongana karibu na sayari ya Zohali, na mwenzao, Joshua Albert, anafariki. Wanne waliosalia wanauficha ukweli. Mbele ya baraza la uchunguzi, Locarno anasema kwamba Joshua alishikwa na hofu. Wesley ananyamaza.

Je, kunyamaza huko ni kosa? Pwani inaijua thamani ya sitara. Siri ya mwenzio ni amana, na anayewaumbua wenziwe hasifiwi. Tena yaweza kusemwa kwamba kweli haimfufui maiti, bali itawaangamiza wanne walio hai. Hoja hizi si nyepesi, na mwenye akili nyingi ndiye hasa azipangaye vizuri.

Lakini baba yake Joshua anamwendea Wesley. Amekuja kumrudishia sweta ambayo marehemu aliiazima, na anaomba radhi kwa kuwa mwanawe aliwaangusha wenzake. Hapo hoja zote zinaporomoka. Sitara hufunika aibu; haiihamishi. Uongo haukai hewani, hutafuta mgongo wa kuubeba, na mara nyingi humwangukia asiyeweza tena kujitetea. Siri ya wanne ilikuwa yao, ama jina la marehemu halikuwa mali yao wapate kulitumia kujikomboa. Hilo nalo lilikuwa amana, na mwenyewe alikuwa baba aliyesimama mlangoni na sweta mkononi.

Picard, aliyeugundua mchezo wenyewe, anampa kijana hiari mbili tu: aseme mwenyewe, au nahodha atasema. Basi kweli ya Wesley ilikuja kwa kusukumwa, na haifai kumfanya shujaa. Hata hivyo ilitoka kinywani mwake, mbele ya wenzake, na kila mmoja akaisikia. Locarno alijitwika lawama kubwa na kufukuzwa chuoni. Wesley alipoteza masomo ya mwaka mzima, akabaki kuishi miongoni mwa waliojua alichokifanya.

Katika shida hii kipawa chake hakikumfaa kitu. Palihitajika sentensi moja nyepesi, ambayo hata mtoto asiyejua hesabu angeweza kuitamka, na yeye, aliyefananishwa na Mozart, ilimwia nzito kuliko mitambo yote aliyopata kuitengeneza. Akili humwonyesha mtu njia nyingi za kutokea. Maarifa ni kuujua mlango ambao hana haki ya kuupitia, hata ukiwa wazi.