Aliyekunywa Akikata Rufaa

Andiko: Matendo ya Mitume 25:1–12

Juma hili tulisome andiko letu tukiwa na swali mkononi, swali ambalo nimeulizwa mara mbili mwaka huu na watu wa hapa hapa ushirikani. Mtu aliyeokoka ameshikwa akiendesha gari akiwa amekunywa, amepelekwa kortini, ametiwa hatiani. Je, ni dhambi akikata rufaa?

Jibu la haraka tunalijua, na wengi wenu mmeshalisema moyoni. "Si alikunywa? Basi alipe, anyamaze, amrudie Mungu." Nalielewa jibu hilo, lakini linachanganya maswali mawili. Moja ni, je, nilitenda? Lingine ni, je, nilihukumiwa sawasawa? Mtu anaweza kusema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, na asiwe amedanganya popote.

Mtazame Paulo pale Kaisaria. Amekaa kifungoni miaka miwili. Feliki alikuwa akimwita mara kwa mara wazungumze, na Luka hafichi sababu: alitumaini Paulo atampa pesa. Kitu kidogo, jameni, si cha leo! Paulo hakutoa. Festo alipoingia na kutaka kumrudisha Yerusalemu, Paulo alisema mambo mawili kwa pumzi moja. Kwanza, kama ametenda jambo la kustahili kufa, hakatai kufa. Pili, anakata rufaa kwa Kaisari. Angalia kilichotangulia. Alijiweka chini ya adhabu kwanza, ndipo akadai haki yake. Na rufaa hiyo ilimgharimu, maana baadaye Agripa alimwambia Festo kwamba mtu huyu angeweza kuachiliwa kama asingekata rufaa.

Sasa utaniambia, "Mzee, Paulo hakuwa na hatia, na huyu wetu alikunywa." Kweli kabisa. Basi twende Kumbukumbu la Torati 25, mistari ya kwanza. Pale mtu ana hatia, hakuna ubishi. Mwamuzi anaamuru alazwe chini achapwe mbele yake. Na bado Torati inahesabu viboko! Visizidi arobaini, asije akadharauliwa, na neno linalotumika juu yake ni ndugu. Mwenye hatia bado ni ndugu, na viboko vyake vina hesabu. Vikipita, ni nani wa kusema vimepita, kama yeye mwenyewe anayelala pale amekatazwa kufungua kinywa?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, imempa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa au kuomba mahakama ya juu iangalie upya. Hakuna mahali imeandikwa kwamba haki hiyo ni ya wasio na makosa tu. Sheria ya Trafiki nayo ni kali kwa kosa hili: faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Ukihukumiwa na hakimu, una siku 14 kupeleka rufaa Mahakama Kuu. Na usidhani ni mlango wa kwenda kuchezea. Ukipinga adhabu, jaji ana uwezo wa kuipunguza, na ana uwezo pia wa kuiongeza.

Lakini wengi wa watu wetu hukwama kabla ya hapo, na hapa nataka tukae kidogo. Mtu anashikwa Ijumaa usiku. Analala selo Jumamosi, Jumapili sisi tuko hapa tunaimba, yeye bado yuko ndani. Jumatatu asubuhi anasimamishwa kizimbani na wengine kumi, karani anasoma mashtaka mbio mbio, na yeye anachotaka ni kuoga na kuona watoto. Anasema, "Ni kweli." Maneno mawili. Analipa faini, anaenda nyumbani. Baadaye mwajiri anataka cheti cha tabia njema, na ndipo anaelewa alichosema.

Sheria yetu inasema aliyekiri mwenyewe hawezi tena kukata rufaa kupinga hatia. Anaweza kupinga tu ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Niliposoma hilo nilitetemeka kidogo, kwa sababu sisi hapa kanisani tunaitikia amina mara arobaini kwa ibada moja na hakuna inayotufunga. Korti inachukua neno la mtu kwa uzito kuliko tunavyolichukua sisi.

Kuna njia moja iliyobaki. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, mahakama zetu zinataka mashtaka yasomwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, aelezwe mambo yalivyokuwa, na apewe nafasi ya kuyapinga. Kama hayo hayakufanyika, "ni kweli" yake haihesabiki kuwa kukiri. Ni ulinzi mzuri sana. Mzee wangu wa kijijini asiyejua Kiingereza anauhitaji.

Na hapo ndipo jaribu linapoingia. Ndugu mmoja aliniambia wakili amemshauri aseme hakuelewa lugha. Nikamuuliza, "Ulielewa?" Akacheka. Huyu ni mtu anayetafsiri mahubiri ya wageni hapa madhabahuni! Nikamwambia, mpendwa, hiyo si rufaa tena. Hiyo ni kushuhudia uongo, na wakili hatasimama badala yako siku ile. Dai la adhabu kubwa kupita kiasi analo, na ni la haki: alihukumiwa kifungo bila hata kuulizwa kama ana la kujitetea kabla ya adhabu kutolewa. Apeleke hilo.

Swali gumu zaidi liko katikati. Itakuwaje kama mtu alikunywa kweli, hakukiri, na ushahidi wa serikali una tundu? Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilibatilisha kanuni za alkoblo, na pengine kulikuwa na walevi halisi waliofurahi siku hiyo. Je, aliyeokoka anaruhusiwa kupitia tundu la namna hiyo? Nimelifikiria kwa muda mrefu, na wazee wenzangu hatukubaliani wote. Mimi nasema anaruhusiwa kunyamaza na kuiacha serikali ithibitishe, kwa sababu kunyamaza si kudanganya, na kwa sababu korti ikizoea njia ya mkato kwa mlevi, kesho itaitumia kwa kijana wa bodaboda ambaye hajaonja kitu ila hakuwa na mia mbili za kutoa barabarani. Lakini akishinda, ajue amepewa nini. Jaji amesema serikali haikuthibitisha. Hajasema hukunywa.

Kuna dada katika ushirika wetu aliyempoteza mtoto wake wa kiume kwa dereva mlevi. Aliposikia tunamwombea huyu ndugu Jumatano jioni, alinifuata nje akaniuliza, "Mzee, akishinda rufaa, mtaniita nipige vigelegele?"

Sikuwa na jibu la kumpa palepale, na siwezi kusema alikosea kuuliza. Nimewaambia wazee kwamba rufaa hii ikishinda hakutakuwa na ushuhuda wa shukrani madhabahuni, wala neno "Mungu ametenda" kana kwamba mbingu imemsafisha kwa hukumu ya jaji. Kusafishwa kwake kuko kwingine, na hakungoji tarehe ya korti. Zakayo alisimama akataja hesabu ya kurudisha kabla hakimu yeyote hajamwita. Ndugu huyu ameuza gari. Sikumwomba aliuze.

Na niseme jambo ambalo halitapendeza wote. Kuna wengine humu waliosimamishwa barabarani wakiwa katika hali ileile, wakakunja noti wakaingiza ndani ya leseni, wakafika nyumbani salama. Hao hawana kesi, hawana rufaa, wana vyeti vya tabia njema. Hatujawahi kuwaita kwa wazee. Huyu mmoja aliyekataa kutoa, akalala selo, ndiye tunayejadili kama anastahili kwenda mbele ya jaji.

Rufaa yake imepelekwa siku ya 11, inapinga adhabu peke yake. Ameniomba nimsindikize siku itakaposikizwa, na nimekubali. Yule dada nimemwambia tarehe pia. Amesema atafikiria kuja, na kwamba akija hatakaa upande wetu.