Je, Alitendalo Mtu Mchezoni Ni Tendo Lake?



Wazee wetu husema, "Mzaha mzaha hutunga usaha." Neno hilo nililikumbuka juzi nilipowakuta wavulana wawili wakicheza mchezo wa simu. Mmoja alikuwa akishindana na mtu wa mbali asiyemjua, naye akamrushia matusi mazito yasiyofaa kuandikwa. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona wamtukana mtu ambaye hujapata kumwona?" Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, huu ni mchezo tu." Jibu hilo lilinikaa moyoni, nami nataka tulipime pamoja. Je, alitendalo mtu mchezoni ni tendo lake kweli, au mchezo humfutia yote?

Tuanze na mchezo tuujuao sote. Watu wawili wacheza bao. Mmoja akigeuza uso, mwenzake aiba kete. Ameiba nini? Komwe ni mbegu ya porini, haina bei, wala hawakuwekeana fedha. Hata hivyo, mwenye kuibiwa akigundua hukasirika, tena ana haki. Maana kete ni ya mchezo, lakini mtu aliyedanganywa si wa mchezo. Alimwamini mwenzake, na imani hiyo ilikuwa ya kweli, ndiyo iliyoibwa. Basi tumepata kipimo: mchezoni vitu vyaweza kuwa vya kubuni, lakini wachezaji ni watu.

Labda mtu atauliza, "Je, kumshinda mwenzako nako ni kumdhulumu?" La, hasha. Aketiye kucheza bao amekubali kwamba huenda akashindwa; hakukubali kuibiwa wala kutukanwa. Kadhalika, kuangusha askari aliyechorwa si kuua mtu. Swali ni hili: mwenzako alikubali nini alipoingia mchezoni?

Tuchukue kipimo hicho twende nacho katika michezo ya kompyuta. Uko mchezo uitwao World of Warcraft, uliotolewa mwaka 2004 na kampuni ya Blizzard ya Marekani. Watu wengi wa nchi mbalimbali huucheza kwa wakati mmoja kwa njia ya intaneti. Kila mmoja hujichagulia umbo, kama askari au mchawi, akalipa jina, akalitembeza katika miji na misitu iliyochorwa. Humo hukutana na maumbo ya wengine na kusemezana nao. Mambo mawili yaliyotokea katika mchezo huo yatatusaidia.

La kwanza ni la Septemba 2005. Watengenezaji waliweka mahali pamoja adui mwenye kuwatia wachezaji ugonjwa wa damu, nao uliambukiza kwa kukaribiana. Ulikusudiwa kubaki pale pale, walakini wanyama wanaofuatana na wachezaji waliutoa nje mpaka mijini. Wenye nguvu walistahimili. Wachezaji wanyonge walianguka mara moja, na mifupa ikatapakaa njiani. Kweli, katika mchezo huo aliyekufa huinuka tena. Lakini tazameni mwenendo wa watu. Wengine waliokuwa na uwezo wa kuponya walikwenda kuwasaidia wanyonge. Wengine walikimbia. Na wengine, hali wakijua kwamba wameambukizwa, walijitia makusudi penye msongamano ili wawaangushe watu ambao hawakuja kupigana. Mwisho kampuni ililazimika kuuzima mchezo kwa muda na kuutengeneza. Mwaka 2007 wataalamu wawili, Eric Lofgren na Nina Fefferman, waliandika habari hiyo katika jarida la waganga, The Lancet Infectious Diseases, wakisema kwamba michezo ya namna hii yaweza kufundisha jinsi watu wafanyavyo wakati wa maradhi. Ugonjwa ule ulichorwa. Huruma na ukatili havikuchorwa na mtu. Vilitoka mioyoni.

La pili ni habari ya kijana wa Norway, Mats Steen, aliyezaliwa mwaka 1989 na ugonjwa wa kudhoofisha misuli. Miaka yake ya mwisho alikaa katika kiti cha magurudumu, akicheza mchezo huo huo kwa jina la Ibelin. Alikufa Novemba 2014, mwenye miaka 25. Wazazi wake walisikitika, wakidhani mwana wao ameondoka duniani bila rafiki, wala hakupata kumfaa mtu. Baba yake akatangaza msiba katika blogu ya marehemu. Mara zikaja barua kutoka nchi nyingi. Mmoja aliandika jinsi Mats alivyomsikiliza, mwingine jinsi alivyomshauri. Msichana mmoja wa Uholanzi alikuwa amenyang'anywa kompyuta na wazazi wake, na Mats akawaandikia barua kumtetea. Baadhi ya wenzake wa mchezoni walisafiri mpaka mazikoni. Mwaka 2024 filamu ya maisha yake ilionyeshwa, wengi wakalia.

Najua yuko atakayesema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Ni kweli. Wenzake wale hawakumwinua kitandani wala kumnywesha maji. Kazi hiyo ilikuwa ya wazazi na wauguzi. Tena yuko mtu ambaye mchezo humla siku nzima, shamba likaota magugu na kitabu kikakaa bila kufunguliwa. Huyo hana cha kujivunia katika habari ya Mats, ambaye hakuwa na miguu ya kwendea kwingine. Lakini urafiki ambao hauwezi kazi zote si urafiki wa uongo. Ndugu aliye safarini hawezi kukutekea maji, na barua yake hukutia nguvu.

Basi namrudia yule mvulana. Nilimwambia, "Mwenzako angekuwa ameketi nawe juu ya mkeka huu, ungemwambia maneno yale?" Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nisingethubutu." Kumbe alijua. Kilichompa ujasiri si mchezo, ni kutoonekana. Na mtu ambaye wema wake hukoma pale asipoonekana, wema huo ulikuwa hofu tu.

Nanyi wazazi, twazoea kuwauliza watoto, "Umecheza saa ngapi?" Swali hilo ni jema, wala tusiliache. Tuliongezee la pili: "Umecheza na nani, naye ameachana nawe katika hali gani?" Mtoto aliyezoea kulijibu hilo hatatuambia tena kwamba ni mchezo tu.

Haya ndiyo mawazo yangu. Mwenye neno lililo bora zaidi na aliandike, tusome.