Sifuri Iliyoifurahisha Kamati

Kisa hiki ni cha kufunzia, na tarakimu zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane wazi. Barabara yake lakini ipo: ni ile ya taifa namba 3, inayotoka Bukavu, ikapita Miti, ikakata msitu wa Kahuzi-Biega na kushuka Bunyakiri, teritwari ya Kalehe, kabla ya kuendelea Hombo na Walikale. Mvua ikinyesha, pikipiki hukwama na mgonjwa hubebwa kwa kipoyi mabegani mwa watu. Huko kilomita moja si kitu kidogo.

Vijiji vitano vilipata nafasi ya kujenga kituo kimoja cha afya kando ya barabara. Vinne vilikaa karibu karibu: kilomita 0, 1, 2 na 3 kutoka sokoni. Cha tano kilikuwa peke yake, kilomita 14. Wazee wa kamati wakakubaliana kwamba atakayekuwa mbali kuliko wote apunguziwe mwendo kadiri inavyowezekana, kisha wakamkabidhi kazi kijana aliyesoma hesabu Bukavu.

Alianza vizuri. Wastani aliukataa, maana ungeweka kituo kilomita 4 na kuwaachia watu wa kijiji cha mwisho kilomita 10. Kutafuta jumla ndogo ya umbali wote kungewaumiza zaidi: kituo kilomita 2, wao watembee 12. Alitaka umbali mkubwa kuliko wote ndio uwe mdogo. Shida ni kwamba njia ya hesabu aliyoitumia, programu ya mstari, aliyoianzisha Leonid Kantorovich mwaka 1939 na ambayo George Dantzig aliipatia njia ya simpleksi mwaka 1947, inapokea kuzidisha kwa namba zisizobadilika na kujumlisha tu. Neno "kubwa kuliko yote" hailielewi.

Dawa yake inajulikana. Unaingiza herufi mpya, t, iwe dari. Unaamuru dari ishuke mpaka mwisho, huku kila kijiji kikidai umbali wake usiipite. Itakapogota kwenye umbali mrefu kuliko yote, itasimama hapo hapo, na t itakuwa ndiyo umbali wenyewe.

Kituo kikiwa popote kuanzia sokoni kwenda mbele, kijana akaandika sharti moja kwa kila kijiji: mahali pa kituo, kutoa mahali pa kijiji, isizidi t. Kompyuta ikajibu: kituo kijengwe kilomita 0, na t ni 0. Kamati ikapiga makofi.

Mama mmoja wa kijiji cha mwisho akasimama. "Mwanangu, mimi nimetoka nyumbani alfajiri ili nifike hapa sokoni. Hiyo sifuri yako umeipima kwa miguu ya nani?"

Ukumbi ukanyamaza. Sifuri kutoa 14 ni hasi 14, na hasi 14 kweli haizidi sifuri. Mashine ilitii ilichoandikiwa. Kijana alipima tu waliokuwa nyuma ya kituo. Waliokuwa mbele yake walihesabiwa kama hawapo. Umbali hauna alama ya hasi, kwa hiyo kila kijiji kinahitaji masharti mawili: kituo kutoa kijiji isizidi t, na kijiji kutoa kituo isizidi t. Vijiji vitano, masharti kumi. Alipoyaandika yote, kituo kilikaa kilomita 7, na t ikawa 7.

Kuna hatari nyingine katika jibu hilo. Limeshikwa na ncha mbili tu, 0 na 14; vijiji vya katikati havilisogezi hata kidogo. Karani akikosea akaandika 24 badala ya 14, kituo kitaruka hadi kilomita 12, na watu wa sokoni watembee 12. Namba za pembeni ndizo za kuhakikisha kwanza, kwa kwenda kupima barabarani.

Na vijiji vinne sasa vinatembea kati ya kilomita 4 na 7 ili cha tano kisitembee 14. Hilo haliamuliwi na kompyuta. Mimi naliona ni haki, kwa ajili ya mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, lakini lazima watu wakubaliane nalo wakiwa wanalijua.

Wewe unayefanya hesabu za namna hii kwa ajili ya watu, kabla karatasi haijapigwa muhuri chukua jibu, ulipime kwa kalamu dhidi ya kila kijiji, kisha umwonyeshe wa mbali kuliko wote.