Bei ya Kikaratasi

Dedan Kimathi hakunyongwa kwa kosa la kuua. Wengi wa wenzangu tuliokulia Nyeri hushangaa wakiambiwa hivyo, kwa sababu shuleni tulifundishwa jina, sanamu na tarehe, shtaka lenyewe likaachwa nje. Novemba 1956 alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri, jeraha la risasi aliyopigwa siku ya kukamatwa likiwa bado bichi, na alichoshtakiwa ni kupatikana na rivolva ya .38 pamoja na risasi zake bila kibali. Kwa hilo alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wakati wa Hali ya Hatari Waingereza waliwanyonga zaidi ya watu 1,000, na kundi kubwa miongoni mwao halikuwa la wauaji bali la waliokutwa na silaha au risasi. Risasi moja mfukoni ilitosha kumpeleka mtu kitanzini.

Naandika haya nikiwa Texas, ambako mwaka huu nilikaa mwezi mzima nikijiuliza kama ninunue Webley Mark IV, rivolva ya kipimo hicho hicho.

Niliikuta katika duka la vitu vya kale kwenye mji mdogo ninaopitia na lori langu mara mbili kwa mwezi. Ni chuma kizito, karibu kilo moja, kilichotengenezwa Birmingham. Ubavuni kimegongwa maneno ya Kiingereza yanayosema hii ni kazi ya wakati wa vita, yaani msiulize mbona haikung'arishwa. Ukibonyeza kishikizo cha pembeni inavunjika katikati kama bunduki ya kuwindia kanga, mtutu unainama chini, na maganda yote sita yanasukumwa nje kwa pamoja. Mwenye duka alinionyesha hivyo mara tatu, na mara zote tatu nilitaka aendelee. Lazima niseme hilo, kwa maana watu wa maadili huandika juu ya silaha kana kwamba hazina uzuri. Hii ilikuwa nzuri. Mpini wake ulikaa kiganjani kana kwamba kuna mtu alikipima kabla.

Kwenye kifyatulio kulikuwa kumefungwa kikaratasi kwa uzi: ilibebwa na afisa wa polisi Kenya, vita vya Mau Mau. Dola 900.

Nilimuuliza mzee wa duka ushahidi uko wapi. Akasema aliyemuuzia ndiye aliyemwambia, naye aliambiwa na aliyemuuzia yeye. Hakuna barua, hakuna picha, hakuna alama yoyote ya Kenya juu ya chuma. Nikamuuliza, na bila hicho kikaratasi? Akafikiri kidogo, akasema 650. Hakuona aibu, na sidhani alipaswa kuona; ndivyo biashara hiyo inavyokwenda. Lakini nilitoka pale nikiwa nimejua kwa mara ya kwanza bei ya Mau Mau sokoni: dola 250, na risiti juu.

Sababu ya kwanza iliyonivuta kununua haikuwa ya heshima sana. Ilikuwa ni utamu. Cucu yangu alihamishwa kwa nguvu mwaka 1954 akaingizwa katika kijiji cha dharura, mmoja kati ya watu zaidi ya milioni moja waliokusanywa hivyo, akachimba handaki lenye miti iliyochongoka ili watu wa msituni wasipate chakula. Angekutwa na risasi kwenye kapu la viazi, angeweza kuhukumiwa kunyongwa. Masetla nao walikula chakula cha jioni rivolva zikiwa mezani kando ya chumvi. Chuma ni kile kile, ila sheria ilitazama kwanza mkono ulioshika. Na leo mjukuu wake, mwenye kadi ya kijani, anaingia dukani, anajaza fomu ya serikali kuu ya Marekani, jina lake linakaguliwa, na anatoka na Webley ndani ya boksi. Kuna hata leseni ya wakusanyaji wa silaha zilizopita miaka 50, dola 30 kwa miaka mitatu. Nani hapo hatasikia utamu?

Niliutafuna utamu huo kwa siku kadhaa na kila nilipoutafuna ulipungua. Kisasi kinamhitaji mtu wa upande wa pili aone. Afisa yule, kama aliwahi kuwepo, amekufa. Anayeona ni mzee wa Texas asiyejua Nyeri iko wapi, na kwake mimi ni mteja. Tena, haki ninayojivunia si haki iliyorudishiwa cucu. Nimepewa na nchi nyingine kwa sababu zake nyingine kabisa, na nchi hiyo nayo ina historia yake ndefu ya kuchagua ni mkono upi mweusi unaoruhusiwa kushika chuma.

Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi. Nilijiambia: bastola hii itanunuliwa tu. Afadhali ikae kwa mtu anayejua habari yake kuliko kwenye ukuta wa mtu atakayewaambia wageni kwamba ilitumika kuwazima washenzi. Hoja hii naiheshimu. Ndiyo hoja ya makumbusho yote, na pia ndiyo hoja ya mnunuzi wa kitu cha wizi, kwa hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini. Kujua habari yake, ndiyo. Lakini habari ipi? Wapiganaji wa msituni walipata silaha zao nzuri kwa kuwanyang'anya polisi na homgadi. Nyingine walizitengeneza wenyewe kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Rivolva ya .38 ingeweza kuwa kiunoni mwa inspekta Jumatatu na kiunoni mwa jenerali wa msituni Ijumaa. Hata kama Webley hii ilifika Kenya kweli, sina njia ya kujua ilikuwa kwa nani siku ipi, wala ilielekezwa kwa nani. Chuma hakikumbuki. Kinachokumbuka ni kikaratasi, na kikaratasi kimeandikwa na mtu anayetaka 900.

Hapo ndipo suala lilipobadilika kwangu. Nilikuwa nikijiuliza kama ni halali kumiliki chombo cha kuulia. Hilo, kwa kweli, nadhani halina jibu moja. Babu zetu walitundika mikuki ukutani na hakuna aliyewalaumu. Swali lililoninyima usingizi likawa jingine: je, ni halali kumiliki mateso ya watu kwa maneno ya kusikia? Kimathi alihukumiwa kwa sababu ya bastola iliyowekwa juu ya meza ya mahakama kama kielelezo. Ningekuwa naweka bastola juu ya meza yangu bila kielelezo chochote, nikiwaambia watoto wangu: tazameni, hiki ndicho. Nao wangewaambia wao. Baada ya vizazi viwili uongo wa mwenye duka ungekuwa mapokeo ya ukoo, tena yenye nguvu kuliko maneno ya cucu, kwa sababu maneno yake hayashikiki na bastola inashikika.

Kuna mtu ataniambia ninunue bila kikaratasi, kwa 650, niiite Webley tu. Nililifikiria hilo pia. Mke wangu ndiye aliyelimaliza, bila hasira, alipouliza itakaa wapi. Tuna mvulana wa miaka 14 ndani ya nyumba. Ukutani haiwezi. Ikifungiwa kwenye sefu, basi nimenunua kumbukumbu ili nisiione. Nyumbani Kenya siwezi kuipeleka kama mtu anavyopeleka suti. Nikamuuliza mwenye duka kwa simu kama anaweza kuitoa pini ya kufyatulia na kuuziba mtutu. Alishtuka kana kwamba nimesema nimchinje farasi. Akasema ikizibwa haina thamani tena. Yaani pingu ya kale ni pingu ya kale hata ikiwa na kutu na haifungi, na hakuna mkusanyaji atakayelalamika; lakini bastola ya kale inathaminiwa kwa kuwa bado inaweza kuua mtu jioni hii. Nilifikiri sanamu ya Kimathi pale katikati ya Nairobi, iliyosimama tangu 2007, bunduki mkono mmoja na jambia mkono mwingine. Rivolva haipo. Sijui kama mchongaji alifanya makusudi, lakini sanamu hiyo inamkumbusha mpita njia mengi bila hata risasi moja ndani yake.

Mwezi uliofuata nilipopita nilimwambia mzee kwamba sinunui. Alikubali vizuri. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu wa Kenya, akaniomba nimsaidie: nimwandikie maneno machache ya kweli kuhusu Mau Mau aongeze kwenye kikaratasi, wateja wanapenda kusoma. Akanipa kalamu na kadi mpya nyeupe. Niliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: Webley Mark IV, .38, kazi ya wakati wa vita, Birmingham. Ilikokuwa baada ya hapo hakujulikani.

Aliisoma, akaigeuza kuona kama kuna kingine nyuma. Akasema kwa maandishi hayo itabidi arudi kwenye 650.