Kombora Lisilokosa Linamwondolea Nani Lawama?

Manowari ya Marekani iitwayo Zumwalt ilipoanza rasmi utumishi huko Baltimore, Oktoba 2016, ilikuwa na mizinga miwili ya milimita 155 ya aina ambayo haikuwahi kufungwa melini. Mtutu ulilala ndani ya kibanda chenye pembe kali ili rada ya adui isiunase, ukainuka wakati wa kufyatua tu. Hakuna baharia aliyepaswa kubeba kitu: mitambo ililitoa kombora ghalani pamoja na baruti yake, ikalipandisha na kulipakia, na mzinga mmoja uliundwa ili ufyatue hadi makombora 10 kwa dakika. Kombora lenyewe lilikuwa refu kuliko mtu. Likitoka mtutuni lilifungua mapezi, likawasha roketi yake, likafuata ishara za setilaiti hadi pale lilipoelekezwa, zaidi ya kilomita 100 mbele. Haukupita mwezi mmoja tangu sherehe ile, ikajulikana kwamba jeshi la wanamaji halitayanunua makombora hayo. Meli 32 zilizopangwa zilikuwa zimepunguzwa hadi 3, na kwa sababu hiyo bei ya kombora moja ilipanda hadi kukaribia dola milioni moja. Mizinga ile haikuundwa kupokea kombora la kawaida la milimita 155, hivyo ikabaki pambo.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ubadhirifu, na ubadhirifu ulikuwepo. Ila mkataba ulipovunjwa, kuna dai moja ambalo halikuvunjwa nao, nalo linaendelea kuuza silaha hadi leo: kwamba silaha inayopiga palepale ilipolengwa ni silaha ya haki zaidi, na mwenye kuitumia ana mikono misafi kuliko waliomtangulia. Nusu ya kwanza ya dai hilo ina ukweli. Nusu ya pili naiona imepinduka. Kadiri silaha inavyozidi kulenga vizuri, ndivyo mwenye kuifyatua anavyopungukiwa na udhuru.

Tuanze na ukweli uliomo. Tarehe 8 Februari 1984, meli ya kivita ya Marekani iitwayo New Jersey ilifyatua karibu makombora 300 ya inchi 16 kuelekea milima iliyo mashariki ya Beirut, nchini Lebanoni. Baadaye ikaelezwa kwamba mengi yalianguka mbali na shabaha, na baruti ya zamani iliyochanganywa ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Kombora la aina hiyo lina uzito unaokaribia tani moja au kupita. Anayeishi katika kijiji cha jirani na shabaha hahitaji mwanafalsafa wa kumweleza faida ya kombora linalojua liendako.

Lakini wasomaji wa pwani yetu wana ushahidi wa upande wa pili. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipiga kasri la Sultani mjini Unguja kwa muda usiofika saa nzima, kwa sababu Khalid bin Barghash alikataa kutoka. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa. Meli zilikuwa zimetia nanga pale pale bandarini, mbele ya kasri, na kulikosa jengo kubwa kiasi kile kwa umbali ule kungekuwa kazi ngumu. Ndani mlikuwa na askari, watumishi na watumwa. Mizinga ilipiga sawasawa ilipoelekezwa, na watu walikufa kwa sababu iliamuliwa kwamba kasri lipigwe wakiwa ndani. Usahihi wa mzinga haukuokoa mtu pale, kwani kosa, kama tunakubali kuliita kosa, lilikuwa katika amri.

Wanazuoni wa kale walilijua tatizo hili kabla ya baruti. Mafaqihi wa Kiislamu walijadili manjaniki, mtambo wa kurushia mawe, na swali lao lilikuwa hili: ngome ikiwa na wapiganaji pamoja na watoto au mateka, je, inaruhusiwa kuirushia? Imamu al-Awza'i wa Sham alizuia kurusha pale ambapo Waislamu wamefanywa ngao. Wahanafi waliruhusu (sisi wa pwani wengi ni Washafi, lakini hoja haina mpaka), na sababu aliyoitoa al-Marghinani katika al-Hidaya inafaa kutazamwa kwa makini: ikiwa mrushaji hawezi kuwatenganisha wapiganaji na wengine kwa tendo, basi awatenganishe kwa nia. Ruhusa hiyo imejengwa juu ya kutoweza. Nia ilikubaliwa ishike nafasi ya uwezo kwa sababu jiwe halina macho. Mpe mtu huyo jiwe lenye macho, na msingi wa ruhusa umeondoka; hawezi tena kusema alimkusudia askari tu ilhali alikuwa na njia ya kumpiga askari tu. Thomas Aquinas anafika karibu na hapo kwa njia yake. Anayejitetea halaumiwi kwa kifo asichokikusudia, lakini akitumia nguvu kuliko inayohitajika, tendo lake linakuwa haramu. Zana ikiboreka, kiasi cha nguvu "inayohitajika" kinapungua, na mlango wa udhuru unasinyaa.

Atakayepinga atasema kwamba makosa hayaishi, na hata kombora la setilaiti hukosea. Tuyaangalie makosa hayo yenyewe. Tarehe 7 Mei 1999, ndege ya Marekani iliangusha mabomu matano yaliyoongozwa na setilaiti juu ya ubalozi wa China mjini Belgrade, na Wachina watatu wakafa. Kwa maelezo ya Marekani yenyewe, mabomu yalifika yalikotumwa. Kilichokosewa ni anwani: walitafuta ofisi nyingine ya serikali, na ramani zao hazikuonyesha kwamba ubalozi ulikuwa umehamia pale. Mwaka uliofuata shirika la ujasusi, CIA, lilimfukuza ofisa mmoja na kuwakaripia wengine sita. Rubani hakuwamo katika hesabu hiyo, na naona ilikuwa sawa. Lawama ilihama kutoka mkononi hadi mezani, ilikokuwa tangu mwanzo. Miaka 11 kabla ya shambulio hilo la Belgrade, manowari ya Marekani iitwayo Vincennes iliidungua ndege ya abiria ya Iran juu ya Ghuba, watu 290 wakafa. Kumbukumbu za mitambo ya meli zilionyesha ndege ikipanda, huku wanadamu waliokuwa mbele ya skrini wakiamini inawashukia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama usahihi unaongeza dhamana, basi jeshi lenye akili litabaki na silaha butu ili libaki na udhuru. Hapana. Anayefumba macho kwa makusudi anawajibika kwa kufumba kwake. Protokali ya kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inamtaka mshambuliaji achukue kila tahadhari inayowezekana katika kuchagua zana na njia, na neno hilo "inayowezekana" linamlemea tajiri kuliko maskini. Hapo ndipo bei inaporudi kuwa suala la maadili. Kombora la dola milioni moja halifyatuliwi kila mahali. Litawekwa akiba, na vijiji visivyo na thamani ya akiba hiyo vitapata la kawaida. Kuchagua nani astahili usahihi ni hukumu juu ya watu, hata kama inaandikwa kwenye vitabu vya mhasibu.

Mizinga ya Zumwalt imeng'olewa huko Pascagoula, Mississippi, ili kupisha makombora yanayokwenda kwa zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti. Dakika za kuisahihisha amri iliyokwisha kutolewa zinapungua, na kila uangalifu utabidi utangulie kitufe. Anayetaka kuipima haki ya silaha hizo asianzie kwenye uwanja wa majaribio. Aende kwa ofisa anayeandaa orodha ya shabaha, amuulize ramani yake ni ya mwaka gani na nani aliithibitisha.